Kipimo kilisema hakuna bakteria, kulipokucha mama hakututambua

Safu ya Shangazi wa Maabara

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 34, nauza dagaa mwalo wa Kirumba, naishi Igoma na mke wangu na watoto wawili. Mama yetu ana saratani ya titi. Kwao ni Ukerewe, lakini tangu aanze kemo hapa Mwanza anafikia kwangu. Ile dripu nyekundu ameshapata mizunguko mitatu, kila baada ya siku 21. Miwili ya kwanza alitapika, nywele zikaisha, akalalamika mdomo hauna ladha, basi. Wa tatu ndio uliotufikisha hapa.

Siku ya kumi baada ya dripu, Jumanne, saa kumi na moja jioni, mama alikuwa amekaa barazani anachambua choroko. Akasema anasikia baridi. Jua bado kali, Shangazi, mke wangu anaanika nguo na zinakauka anaziona. Tukamfunika kitenge, tukaongeza blanketi, meno yakawa yanagongana. Themometa ya kwapani ikasoma 38.4.

Dada yangu mdogo alikuwepo. Yeye ndiye anayefuatilia mambo ya saratani kwenye simu, na alishasoma kwamba kuna kipimo cha damu kinaitwa prokalsitonini, kinaonyesha kama bakteria wameingia kwenye damu ya mgonjwa wa saratani. Akasema tusikimbilie kumlaza mama bure, tupime kwanza. Akampakia kwenye bajaji hadi maabara moja binafsi, na saa kumi na mbili kasorobo damu ilishatolewa. Walimpima na malaria, hakuna. Saa mbili usiku majibu yakaingia kwenye simu: 0.18, na pembeni imeandikwa kwamba chini ya 0.5 uwezekano wa bakteria ni mdogo.

Tukaweka kwenye grupu la familia. Kaka yetu mkubwa yuko Dodoma, mtu wa ofisi, na tangu baba afariki neno lake ndilo la mwisho. Akaandika: "Namba iko chini, hakuna bakteria. Mpeni panadol alale. Hospitali kuna wadudu wabaya kuliko wa nyumbani." Mimi nilisita, maana nesi wa wodi alituambia tangu siku ya kwanza kwamba homa ikija tuje. Lakini majibu tunayo mkononi, na kaka ameshasema. Tukampa panadol mbili. Joto likashuka mpaka 37.1. Tukalala tunamshukuru Mungu.

Saa kumi na moja alfajiri mke wangu akaniamsha. Mama alikuwa anaongea na bibi, na bibi alifariki mwaka 1998. Mikono yake ya baridi kama sato aliyetoka kwenye barafu, anapumua haraka haraka, mimi ananiita jina la mjomba wake marehemu.

Hospitali daktari alimtazama, akauliza swali moja tu: "Kemo ya mwisho lini?" Wakamtoa damu mikono yote miwili kwenye vichupa, na dawa ya mshipa ikaanza hapo hapo kabla jibu lolote halijatoka. Baadaye tukaambiwa chembe nyeupe za ulinzi zimebaki 200. Dada akaomba kile kipimo kirudiwe, akalipa yeye: 11.6. Kesho kutwa yake damu iliyooteshwa ikatoa bakteria anaitwa E. coli.

Leo ni siku ya sita wodini. Mama anakunywa uji na anauliza nani anamwangalizia mihogo yake. Prokalsitonini imerudiwa mara mbili, Ijumaa ilikuwa 4.9 na Jumapili 1.3. Mgonjwa anapona, lakini sisi ndio tunaumwa. Kaka anasema maabara ilitudanganya na anataka tuishtaki. Dada hali chakula, anasema yeye ndiye aliyetaka kumuua mama. Mimi najilaumu kwa ile panadol.

Naomba unisaidie mambo matatu. Inakuwaje kipimo kimoja kiseme hakuna kitu jioni halafu asubuhi kipige kelele? Pili, dada anataka mzunguko wa nne tupime kila baada ya siku mbili hata bila homa, na yuko tayari kuuza cherehani yake. Tuuze? Tatu, mama anataka akitoka aende Nansio kupumzika hadi mzunguko ujao. Tumruhusu?

Mwana wa Ukerewe, Igoma

* * *

Marahaba, baba. Pole na mama. Na pole ya pili kwa ule usiku, maana naona bado hujatoka ndani yake.

Nianze na maabara. Nimekaa huko miaka 31 na najua tunavyolaumiwa, mara nyingine tunastahili. Safari hii hapana. Ile 0.18 ya Jumanne jioni ilikuwa 0.18 kweli, na ile 11.6 ya Jumatano asubuhi ilikuwa kweli pia.

Wewe ni mtu wa mwaloni, utanielewa. Meli ya Ukerewe ikipita pale mbele ya Jiwe la Bismarck, aliyesimama ufukweni haguswi na kitu. Maji miguuni kwake yametulia. Meli inakwenda zake, anaanza kuisahau, ndipo wimbi linafika linagonga mawe na kumlowesha suruali. Prokalsitonini ni lile wimbi. Ninyi mliangalia maji meli ikiwa ndiyo kwanza inapita, mkasema ziwa limetulia.

Mwilini mambo yanakwenda hivi. Mtu mzima wa afya hutengeneza prokalsitonini kidogo sana kwenye tezi ya shingo, na mwili huikata papo hapo kupata homoni inayoshughulika na kalsiamu. Kwenye damu inavuja chembe tu. Bakteria wakiingia, sumu yao pamoja na wajumbe wa mwili wenyewe, mmoja wao anaitwa intaliukini-6, hupeleka amri kwenye ini, kwenye mapafu, hata kwenye mafuta ya mwili: tengenezeni kwa wingi. Huko hakuna mkasi wa kuikata, kwa hiyo inamwagika kwenye damu ikiwa nzima. Wafaransa waliliandika jambo hili mwaka 1993, na ndipo watu wa maabara tukaanza kuiangalia kama kiashiria cha bakteria. Ila ini halitii amri kwa dakika moja. Namba huanza kupanda baada ya saa mbili, tatu, nne, na kilele hufika kati ya saa ya 12 na ya 24. Mama yako alianza kutetemeka saa kumi na moja, damu ikatolewa dakika 45 baadaye.

Kwa hiyo kaka yako namba aliisoma sawasawa. Saa ndiyo hakuitazama.

Hata angeitazama, nisingemruhusu aamue kwa namba hiyo. Wapo bakteria, hasa wale wa ngozi wanaopenda kukaa kwenye kanula, kile kimpira kinachoachwa mshipani, ambao huipandisha kidogo tu. Mgonjwa ambaye kemo imemmalizia chembe nyeupe naye anaweza kuwa na bakteria kwenye damu huku namba iko chini kuliko inavyostahili. Na upande wa pili, inaweza kupanda bila bakteria: baada ya upasuaji mkubwa, kwa baadhi ya saratani zenyewe, na sisi wa kanda ya ziwa tusisahau, kwa malaria kali. Kile kipimo kingine cha bei nafuu, CRP, kinajulikana tangu 1930 na maabara nyingi wanacho, lakini chenyewe ni mbwa anayembwekea kila apitaye njia. Uvimbe wa saratani anaubwekea, kidonda anakibwekea, malaria anaibwekea. Kwa mgonjwa wa saratani unakikuta kimeshapanda kabla hata ya homa.

Na mkikuta malaria siku nyingine, msishangilie. Kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki na mstari wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mtu anaweza kuwa na malaria na bakteria kwa pamoja. Mtu wa kemo mwenye homa na malaria bado ni mtu wa kemo mwenye homa.

Sasa nikueleze kwa nini yule daktari hakusubiri jibu lolote, maana najua kaka atakuuliza.

Chembe nyeupe zinazoitwa nyutrofili ndizo askari wa zamu. Zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita moja ya damu, ni kama mtaa usio na sungusungu. Mama yako alikuwa na 200. Kwa kemo kama yake hushuka kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na mama alikuwa siku ya kumi, katikati kabisa ya shimo. Mwili usio na askari hao hauonyeshi dalili tulizozizoea. Usaha unaouona kwenye jipu sehemu kubwa ni mizoga ya chembe hizohizo. Zisipokuwepo, jipu halitungi, kidonda hakivimbi, picha ya kifua inaweza kutoka safi huku mapafu yana ugonjwa. Kinachobaki ni homa. Wakati mwingine hata homa haiji, hasa kwa wazee au wanaopewa dawa za steroidi za kuzuia kutapika. Unaona baridi ya kutetemeka tu, au mtu ameanza kuchanganya maneno.

Ndiyo maana kanuni, kwetu na kwingineko duniani, ni kwamba mgonjwa wa namna hiyo akifika na homa, dawa ya bakteria iingie mshipani ndani ya dakika 60. Damu itolewe kwanza, ndiyo, lakini dawa haikai kusubiri karatasi. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili mzima, wa mwaka 2021 unashauri wazi kwamba prokalsitonini isiwe ndiyo ya kuamulia kuanza dawa. Yule daktari aliuliza swali moja kwa sababu jibu moja lilimtosha.

Humo humo mna jambo la kumtua dada yako mzigo. Hakuokota upuuzi kwenye simu. Katika homa 100 za wagonjwa walioishiwa chembe nyeupe, bakteria hupatikana kwenye damu kwa 10 hadi 25 tu. Waliobaki wanapewa dawa kali ile ile, wanalazwa, wanatobolewa mishipa, na mdudu haonekani. Unaona hasara? Antibiotiki zikitumika hovyo zinafuga bakteria sugu, na hapo kaka hakusema uongo aliposema hospitali kuna wadudu wabaya. Ndiyo maana watafiti wamehangaika miaka na miaka na viashiria hivi, prokalsitonini, CRP, intaliukini-6 na vingine, mara kimoja kimoja, mara kwa kuvichanganya, watafute namna ya kusema huyu ndiye, huyu siye. Intaliukini-6 yenyewe hupanda mapema kuliko prokalsitonini, ila hushuka mapema pia, na si kila maabara wanayo. Wote wanafukuzia swali lile lile la dada yako. Tofauti ni kwamba wao wanapima mgonjwa akiwa kitandani na dripu ya antibiotiki inashuka.

Pana kipimo kimoja katika hadithi yako ambacho umekipita haraka, na ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote. Zile chupa.

Zamani kabla ya mashine, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuzitoa chupa za kuoteshea kwenye joto, nainua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mna mchuzi wa kuwalisha bakteria. Ukiwa mwangavu namna ya chai ya rangi, unairudisha. Ukiona ukungu, ule wa maji ya mchele, unajua humu mna kiumbe. Unachukua tone, unapaka kwenye kioo, unatia rangi, unaangalia kwenye hadubini. Vijiti vyekundu vidogo vidogo vimetapakaa, na moyo unakudunda kwa sababu juu wodini kuna mtu, na sasa unamjua adui yake. Bakteria wengi hujitokeza ndani ya siku mbili za kwanza, ingawa chupa tunaiachia hadi siku tano. Kisha inahitajika kama siku moja zaidi kujua ni dawa ipi inawaua na ipi wanaicheka.

Ndugu wa wagonjwa walikuwa wananigombeza: mnammaliza mgonjwa damu! Chupa moja ya mtu mzima inataka mililita 8 hadi 10, na zinajazwa mbili au zaidi, kutoka sehemu mbili za mwili. Mililita 20 ni vijiko vinne vya chai. Ukitia kidogo, bakteria waliomo wanaweza wasiingie hata mmoja, maana kwenye damu hawajai kama maharage kwenye sufuria. Na zinatoka mikono miwili ili mdudu wa ngozi akiingia kwa bahati mbaya kwenye chupa moja, asitudanganye. Safari nyingine mkiona wanachukua damu nyingi kwenye vichupa hivyo, nyamazeni, shikeni mkono wa mama.

Prokalsitonini haijui jina la mdudu. Ingepanda hadi 100, isingekwambia ni E. coli wala dawa gani imfae. Chupa ndiyo iliyosema.

Kipimo cha dada kilipofanya kazi yake ni hapa: 11.6, kisha 4.9, kisha 1.3. Namba hii ikiwa haina wa kuichochea, hupungua karibu nusu kila siku. Ya mama inateremka vizuri, maana yake dawa imempata mdudu na chanzo kinazimika. Ingegoma kushuka hadi siku ya tatu, madaktari wangejiuliza kama dawa si yenyewe, au kuna jipu limejificha mahali. Na pale ambapo daktari hana uhakika aendelee na dawa siku ngapi, mteremko huu pamoja na hali ya mgonjwa humsaidia kuamua lini asimamishe. Sasa msije mkaisoma 1.3 wenyewe mkaomba ruhusa ya kutoka. Kuna chembe nyeupe za kuangalia, kuna joto, kuna siku za dawa za kukamilisha. Mwacheni mwenye kazi yake.

Kumshtaki nani, basi? Maabara ilipima ilichoombwa. Nina lawama moja kwao na nitaisema: ile sentensi ya "chini ya 0.5 uwezekano ni mdogo" imeandikwa kana kwamba wateja wote wana kinga kamili. Ningefurahi kuona chini yake mstari mmoja unaosema kwamba mgonjwa wa kemo mwenye homa aende hospitali hata namba ikiwa sifuri. Kaka, kama ana hasira ya kutumia, awaandikie barua waongeze mstari huo. Mpigie simu umwambie kwa heshima yake ya ukubwa, usimwandikie kwenye grupu mbele ya wadogo zake. Mwambie hivi: "Kaka, safari nyingine mama akipata homa tutakujulisha tukiwa njiani." Hapo hujamvunjia neno, na hujamwomba ruhusa.

Dada yako akae na mama wodini, amlishe uji. Halafu mwambie kitu ambacho watu wengi hawakijui: E. coli huyu uwezekano mkubwa ametoka tumboni mwa mama mwenyewe. Kemo inachubua utando wa utumbo na mdomo, ndiyo maana chakula hakina ladha na vidonda vinatoka, na bakteria tunaoishi nao tumboni siku zote wanapenya kwenye uchubuko huo hadi kwenye damu. Hakuna aliyemletea. Najua kwenye familia zetu hapo mtu ameshaanza kumtazama vibaya mkwe aliyepika au jirani aliyekuja kusalimia. Mnawe mikono, chakula kiive, mwenye mafua akae mbali, lakini mkeo msimlaumu.

Panadol sasa. Ile namba ya 37.1 iliyowalaza usingizi mliinunua wenyewe kwa vidonge viwili. Panadol huteremsha joto na kumwacha bakteria pale pale, halafu hata ukifika hospitali daktari anakuta mgonjwa asiye na homa. Kwa mtu wa kemo, pima kwanza, na ukishaona 38 piga simu wodini huku mnatafuta usafiri. Vitabu vinataja 38.3 mara moja, au 38.0 iliyokaa saa nzima, joto la mdomoni. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni, kwa hiyo 38.4 yenu ya kwapani ilikuwa kubwa zaidi ya ilivyoonekana. Mimi kwa nyumbani nasema 38 tosha, msibishane na nukta. Na msimpime joto wala kumwekea dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa. Utando ule umechubuka.

Umejilaumu, na siwezi kukwambia hukukosea. Mlipoteza saa kumi na mbili na mngeweza kumpoteza. Ila kosa lenu ni la watu waliokuwa na karatasi yenye namba na mkubwa aliyesema, na nimewaona wasomi kuliko ninyi wakiingia shimo hilo hilo.

Cherehani isiuzwe. Kupima prokalsitonini kila baada ya siku mbili mtu hana homa ni kukaa ufukweni kuhesabu mawimbi. Leo inasoma 0.1, kesho kutwa inasoma 0.1, usiku wake bakteria wanaingia. Umelipa na hujalindwa. Pesa hiyo nunueni themometa ya pili, maana ya kwanza itaisha betri usiku ule ule mnaoihitaji. Itakayobaki iwekeni kwenye bahasha, muiite nauli ya usiku, asiiguse mtu hata kwa mkate wa watoto. Na kabla ya mzunguko wa nne mwulizeni daktari wa saratani, kwa sababu mama ameshawahi kuingia shimo hili: je, atahitaji zile sindano za kuchochea uboho utoe chembe nyeupe haraka, filgrastimu, au dozi ipunguzwe, au mzunguko ucheleweshwe? Hilo swali lina thamani kuliko vipimo kumi vya nyumbani. Andikeni kwenye karatasi, maana chumba cha daktari kinasahaulisha.

Nansio, nayo, nimeifikiria zaidi ya yote mawili, kwa sababu mimi mwenyewe nilizaliwa ng'ambo na najua mtu mgonjwa anavyoitamani nyumba yake. Majini ni saa tatu na kitu, na usiku ukishaingia meli hakuna. Dakika 60 za antibiotiki haziko kwenye safari hiyo. Kwa hiyo siku za shimo, tangu ya saba hadi ya kumi na nne, mama alale Igoma, tena nyumba iwe na mtu macho.

Ikitokea homa imemkuta ng'ambo siku yoyote ile, msikae gatini kusubiri meli ya asubuhi. Aende hospitali ya wilaya pale pale Nansio usiku huo huo, atolewe damu, aanzishwe dawa ya mshipa, ya Mwanza yafuate baadaye kwa rufaa. Awe na karatasi kwenye pochi kutoka kwa daktari wake: ana saratani gani, anapata dawa gani, tarehe ya dripu ya mwisho, na namba ya simu ya wodi. Nesi wa zamu asiyemfahamu akiisoma hiyo hana haja ya kuanza hadithi upya.

Mama akikuuliza lini anakwenda kwenye mihogo yake, usimwambie "karibuni". Kaa naye na kalenda. Siku ya dripu iandike namba moja. Siku ya kumi na tano apimwe picha kamili ya damu. Chembe zikiwa zimepanda na daktari ameridhika, siku ya kumi na sita apande meli ya asubuhi na dada yake mmoja, arudi siku ya ishirini. Ni usiku nne kwake kila mzunguko. Mhesabie kwa vidole, atakubali.